Jiko la Makaa Hemani

Wasikilizaji wetu waheshimiwa wa Kipkelion, wale walioazimia kufuatana mwisho wa juma hili kwa magari hadi milima ya Londiani, ambako nchi imepita mita 2,000 juu ya bahari na njia za udongo huteleza mara mvua ishukapo, hawana budi kwanza kupata idhini ya idara ya misitu, kisha waandamane kwa nafasi, gari la pili lisianze kuteremka kabla la kwanza halijafika chini.

Lakini khofu yetu kubwa ni ya usiku. Baridi ya huko ni kali, na baadhi ya watu huingiza jiko la makaa hemani, wakafunga mlango, wakalala. Ilhali makaa yawakayo hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika damu na kuizuia isichukue oksijeni, hata mtu akafariki usingizini bila ya kuzindukana. Na makaa yaliyofifia yana hatari ile ile. Aumwaye kichwa, au ahisiye kizunguzungu na kichefuchefu, atolewe nje upesi, kisha apelekwe hospitali. Twawasihi, jamani: jiko libaki nje, hemani yaingie mablanketi.