Mbwa wa Mrina Asali

Msikilizaji, huku Sikonge, mkoani Tabora, mrina asali haendi porini peke yake. Mbwa hutangulia, na wakati wa kurudi ndiye wa kwanza kufika, mkia ukitangaza kwamba mwenye nyumba yuko njiani. Paka hana safari. Amebaki na magunia ya mahindi, na panya wanalijua hilo.

Lakini pori hilo la miombo lina mbung'o, waenezao ugonjwa wa nagana. Hao ndio waliowamaliza wanyama wa mizigo enzi za misafara, shehena ya Tabora ikabaki mabegani mwa wapagazi. Mbwa naye huugua nagana: homa, kukonda, jicho kuingia ukungu. Wapo watakaosema karogwa. Mimi nasema aitwe bwana mifugo.

Kichaa cha mbwa ni kikali zaidi. Dalili zikishatokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Mbwa achanjwe kila mwaka, na paka pia, ingawa huyo kumshika ni kazi ya watu wawili. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wake mwenyewe na jana tu walirudi pamoja na asali.