Hiari ya Waziri na Faili Lisilojibiwa: Mapitio ya Mahakama kwa Watu wa Kwale



Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale walifunga safari ya miguu hadi Nairobi kudai vitambulisho. Rais aliwapokea Ikulu, akatoa amri, na mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Wapemba nao walitambuliwa 2023, tena kwa tamko la Rais. Tulishangilia, na ilistahili. Lakini sheria ilikuwapo tangu 2011: kifungu cha 15 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji kilimfungulia mlango asiye na nchi aliyekuwa akiishi hapa tangu 12 Desemba 1963. Muda wa kuomba ulikuwa miaka mitano, ukaja kuongezwa mitatu. Katika hali hiyo, kila “rudi wiki ijayo” ya afisa ilikuwa inaila haki yenyewe.

Waziri amepewa hiari ya kuamua maombi hayo, sikatai. Hakupewa mali ya babake. Ibara ya 47 ya Katiba inamtaka aamue kwa haraka, kwa haki na kwa kufuata sheria, na anayeathirika apewe sababu kwa maandishi. Sheria ya Hatua za Kiutawala ya 2015 inakwenda mbali zaidi: hata kutotenda ni hatua inayoweza kushtakiwa.

Hapa ningependa tukae kidogo. Chini ya kifungu cha 6, mwombaji akidai sababu, ofisi ina miezi mitatu kumjibu. Isipojibu, mahakama itachukulia kwamba uamuzi haukuwa na sababu nzuri, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo kimya cha ofisi, ambacho kimewachosha wavuvi wetu miaka nenda miaka rudi, kinageuka kuwa ushahidi wao. Sharti ni moja: pawe na barua, na nakala yake iwe na muhuri wa kupokelewa. Mwekezaji wa Diani akinyimwa kibali cha kazi, wakili wake hufanya hivyo siku hiyo hiyo. Mvuvi wa Gazi hurudi nyumbani na maneno matupu.

Tusidanganyane, jaji hagawi uraia. Katika mapitio ya mahakama, kwa kawaida hufuta uamuzi mbovu na kumrudishia waziri faili alifikirie upya. Na amri yaweza kupuuzwa: wakili Miguna Miguna alifukuzwa nchini Februari 2018 mahakama ikiwa imeshakataza. Mwezi uliofuata Fred Matiang’i, Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, na maafisa wawili wa ngazi ya juu walitozwa faini ya shilingi 200,000 kila mmoja, lakini Miguna hakuruhusiwa kuingia Kenya hadi Oktoba 2022.

Hata hivyo, kesi yake ilikuwa na karatasi za kusomwa mahakamani. Za kwetu nyingi hazina hata moja. Napendekeza alasiri hii tuandike barua moja ya mfano ya kudai sababu, kwa Kiswahili na Kiingereza, na kila kijiji kiondoke na nakala zake.