Usiku wa Njiani

Somo: Yohana 4:46–54

Leo nataka kusema hasa na wazazi ambao mtoto wao mchanga amelazwa hospitalini. Labda wewe mama umeketi kwenye benchi nje ya nasari, ukingoja saa ya kumpelekea mtoto maziwa. Labda wewe baba uko nyumbani na wale wakubwa, nao wanauliza mtoto ataletwa lini. Na ninyi ambao watoto wenu ni wazima, msizime redio. Kuna kazi yenu katika neno hili.

Yohana atupa habari za diwani mmoja wa Kapernaumu. Alikuwa mtu wa cheo, mtumishi wa mfalme. Lakini homa haiulizi cheo. Mwanawe alikuwa hawezi, karibu na kufa. Akatoka kule ziwani, akapanda vilima mpaka Kana, mwendo wa zaidi ya kilomita 20, akamsihi Yesu ashuke naye. Yesu hakushuka. Alimpa neno tu kwamba mtoto yu hai, akamwambia aende zake. Mtu yule akaliamini neno, akashika njia.

Sasa liangalieni jambo ambalo twalipita upesi tusomapo. Watumwa wake walipomlaki njiani, aliwauliza mtoto alianza kupata nafuu saa ngapi. Wakamwambia homa ilimtoka jana, saa saba, yaani mchana, kama sisi tuhesabuvyo saa. Jana! Basi kati ya neno la Yesu na ile habari njema, jua lilikuwa limekwisha kuchwa. Baba yule alitembea na neno peke yake, hana mtu wa kumweleza hali ya mtoto. Ndugu mzazi, usiku huo ndio ulio ndani yake leo.

Usiku wa namna hiyo una sauti nyingi. Sauti ya kwanza husema, "Ni kosa lako." Wakati mwingine yatoka moyoni mwa mama mwenyewe, naye hujiuliza alikula nini, aliinua mzigo gani. Wakati mwingine yatoka kwa majirani wanaonong'ona habari za laana na za wazee waliokosewa. Wanafunzi wa Yesu nao waliuliza hivyo walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu. Walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana akakataa yote mawili. Nao waganga wa leo hutuambia kwamba mtoto aweza kuzaliwa kabla ya majuma 37 kwa sababu ya shinikizo la damu la mama, au maambukizo, au kwa kuwa ni mapacha. Na mara nyingi sababu haionekani kabisa. Mama, usijihukumu mahali ambapo Bwana hakukuhukumu.

Sauti ya pili husema, "Mtoe mtoto hospitalini, mpeleke kwenye maombi." Wapendwa, nasema hili kwa uzito, kwa maana limegharimu maisha. Maombi hayashindani na oksijeni. Paulo hakuona haya kumwita Luka tabibu mpendwa, na Luka huyo alisafiri naye katika kazi ya Injili. Mwombee mtoto akiwa pale pale, mpira wa dripu ukiwa mkononi mwake. Mwite mchungaji wako aje hospitalini. Mungu asikiaye kanisani asikia na wodini pia.

Imani ya diwani ilikuwa na miguu. Aliamini, kisha akatembea. Je, mzazi atatembeaje katika wodi ambamo kila kazi yaonekana kuwa ya wauguzi?

Anza kwa kuuliza. Wengi wetu twamwogopa mtu wa koti jeupe, twaitikia "ndiyo, daktari" hali hatukuelewa neno. Muulize sista kwa heshima: mashine hii yafanya nini? Dawa hii ni ya nini? Kwa nini amewekwa chini ya taa ya buluu na macho yamefunikwa? Atakuambia kwamba taa ile hupunguza umanjano, na kitambaa hulinda macho. Pengine utashtuka kusikia uzito wa mtoto umepungua. Uliza, kwa maana watoto wengi hupungua kidogo siku za kwanza, kisha huongezeka. Jambo lijulikanalo halitishi kama lile linalokisiwa gizani.

Kisha, mama, kamua maziwa. Yale ya kwanza, dang'a, ni machache na ya manjano, na wengine huyadharau. Lakini yamejaa kinga ya kumlinda mtoto na maradhi. Hata kama hawezi kunyonya, muuguzi aweza kumpa kwa mpira mwembamba. Kamua mara nane au zaidi mchana na usiku, hata yakitoka matone tu.

Tena kuna kazi ya kifua. Katika mwaka wa 1978, huko Bogotá katika nchi ya Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria aliona mashine za kutia watoto joto hazitoshi, na watoto wakifa. Akaanza kuwaweka watoto wadogo kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wakifungwa kwa nguo, kama kangaruu abebavyo mwanawe. Uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2021, uliofanywa katika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kwamba watoto wadogo walioanza kubebwa hivyo mara tu baada ya kuzaliwa walikufa wachache kwa robo kuliko wale waliongojewa kwanza watulie. Tazameni ajabu hii! Mungu aliweka kifuani mwa mzazi joto ambalo mashine yaliiga tu. Na kifua hicho si cha mama peke yake. Baba, muuguzi akikuruhusu, fungua shati, mpokee mwanao. Usiwe mtu wa kulipa deni na kuondoka.

Na kuhusu deni, usilifiche mpaka siku ya kuruhusiwa. Tangu Oktoba 2024 bima ya SHA imeshika mahali pa NHIF. Uliza mapema kama mtoto ameandikishwa chini yako. Katika hospitali nyingi kubwa yuko ofisa wa ustawi wa jamii. Mwone wakati deni lingali dogo.

Sasa ninyi washirika wa kanisa. Mwaona diwani alitembea peke yake mpaka watumwa wake walipokuja kumlaki njiani. Huduma hiyo ya kumlaki mtu njiani ndiyo yenu. Mpelekeeni mama uji wa moto. Mpeni baba nauli kabla hajaomba. Wachukueni wale watoto wakubwa, wale na kulala kwenu, waende shule wakiwa safi. Mwenye mafua asiende hospitalini. Na aendaye anawe mikono, asikae sana. Wala msiende na maneno mengi. Msimwambie mama, "Usijali, utapata mwingine." Huyu si mwingine. Huyu ana jina.

Wazazi wapendwa, limebaki swali moja, nalo ndilo mliloogopa kuniuliza. Itakuwaje kama habari itakayonilaki njiani si njema?

Sitawadanganya. Diwani alipewa neno juu ya mtoto wake kutoka kinywani mwa Bwana mwenyewe. Mimi mhubiri sina ruhusa ya kukaa hapa nikakuahidi kwamba wako ataishi. Wako watoto walioombewa kwa machozi wakapona, na wako walioombewa kwa machozi yale yale wakazikwa, na imani ya wazazi wao haikuwa ndogo. Asemaye kwamba ulipungukiwa na imani amesema neno asilotumwa.

Lakini liko neno tulilopewa sote, na hilo nimetumwa kulisema. Yesu aliahidi kuwa pamoja na watu wake siku zote, na siku hizo zahesabiwa pamoja na usiku wa nasari. Alilia kwa ajili ya Lazaro, ingawa alijua atamfufua. Basi halaumu machozi yako. Alichukizwa wanafunzi wake walipowazuia watoto wadogo wasiletwe kwake, akawakumbatia watoto hao. Mtoto wako, awe mikononi mwako au awe ametoka mikononi mwako, hawezi kuanguka kutoka mikononi mwake.

Na mtoto akipona, mkaruhusiwa kwenda nyumbani, msisahau njia. Rudini kliniki siku mliyopewa. Akikataa kunyonya, akipumua mbio, akishikwa na kifafa, akiwa moto sana au baridi, msingoje kuche, mrudisheni upesi. Kisha mtafuteni mzazi mwingine aliye kwenye benchi lile, mketi naye. Ninyi mwajua usiku ule ulivyo mrefu.

Na tuombe. Baba yetu, wewe wamjua kila mtoto alazwaye leo, hata yule ambaye bado hajapewa jina. Waongoze madaktari na wauguzi wanaokesha, uwape mikono mitulivu. Umwondolee mama hukumu asiyostahili. Umpe baba nguvu za kukaa karibu. Utuponyee watoto wetu, ee Bwana, twakuomba. Na pale tusipoona njia, tembea nasi mpaka kuche. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.