Mali ya Umma na Daftari Lake
(Hotuba kwa wanaharakati na waumini, Kisumu)



Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Leo naomba tuipime methali hiyo kwa kampuni ambayo wazee wetu wanaikumbuka: Kenatco.

Kenatco ilizaliwa katika miaka ya 1960 ikiwa ushirika wa wachukuzi Waafrika. Shabaha ilikuwa njema: Mwafrika naye amiliki malori na kufaidi biashara ya barabara kuu. Baadaye Serikali iliingia kupitia shirika lake la ICDC, na kampuni ikawa mali ya umma. Malori yake yalisafirisha shehena hadi nchi jirani. Kisha mwaka 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, usifunguliwe hadi 1983. Katika miaka hiyo ya 1980 kampuni ikatiwa mikononi mwa warasimu. Biashara ya malori ikafa. Jina likabaki kwenye teksi.

Mtu atasema kosa lilikuwa la mpaka. Sikatai. Lakini mwananchi, mwenye mali, alionyeshwa hesabu lini? Enzi ya chama kimoja, aliyeuliza sana alihesabiwa kuwa msaliti.

Desemba 1991 Bunge lilifuta kifungu cha 2A, tukashangilia. Hata hivyo, mwaka 2001, tukiwa na vyama vingi, viwanda vya sukari vya Miwani na Muhoroni, hapa kwetu, navyo viliwekwa chini ya warasimu. Mkulima, ambaye hukatwa gharama ya kusomba miwa kabla ya kulipwa, ndiye aliyebeba mzigo. Basi tujifunze: wingi wa vyama peke yake haulindi mali ya umma. Hulindwa na hesabu inayosomwa.

Silaha tunazo. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Kifungu cha 229 kinamtaka Mkaguzi Mkuu atoe ripoti katika miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kwisha, na Bunge liijadili katika miezi 3. Sheria ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi la habari.

Kwa hiyo kila kanisa na lichague watu watatu. Waisome ripoti, waandike barua, wahesabu siku, kisha wamwulize mbunge mbele ya watu.

Na hapa nasema kwa uchungu, kwa kuwa jambo hili linatugusa sisi wenyewe. Msimamizi wa shirika la umma akileta mchango mnono kwenye harambee ya kanisa, sisi humpigia makofi na kumkalisha mbele. Tumshukuru, ndiyo. Lakini wakili katika Injili aliitwa atoe hesabu, wala hakuulizwa ametoa sadaka ngapi. Tukinyamaza kwa ajili ya mabati ya paa, tutakuwa tumeuza haki ya mkulima wa Muhoroni ndani ya nyumba ya Mungu.