Wakubwa Wakivutana, Nani Atailipia Kadi ya Mgonjwa?

(Maneno tuliyowaambia wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia kutoka Meru na Embu)



Tunawashukuru kwa kufika. Wengine mmetoka mbali, Maua na Mikinduri, wengine Nkubu, wengine Runyenjes na Siakago, na tunajua kuna kazi mmeziacha shambani. Kwa hivyo hatutawachosha. Tumekuja na jambo moja tu: pesa za bima ya afya, na hasa ile sehemu ambayo serikali inapaswa kumlipia mtu asiyejiweza. Nani anaamua itoke au isitoke? Na wanaoamua wakikosana, sisi tunabaki wapi?

Tuanze na habari ya nyumbani. Katika kikundi kimoja tunachotembelea, mama mmoja alikuwa amelipa bima yake, hana deni hata la shilingi. Akaugua. Alipofika hospitali aliambiwa, "Mama, kadi yako ni nzuri, lakini sisi hatujalipwa. Leta pesa taslimu." Kikundi kikachanga, mzee akauza mbuzi wawili, mama akatibiwa. Mungu ni mwema. Lakini kwenye mkutano uliofuata wanachama kumi na mmoja walisimama wakasema, "Kulipa bima, basi! Hizo pesa tuziweke wenyewe." Nasi hatukuwa na jibu siku ile. Leo tumejaribu kulitafuta.

Kwanza tukumbuke mwaka 2020. Katiba ya 2010 iliipa kaunti kazi ya afya. Mshahara wa muuguzi wa dispensari yako, dawa zake, hata mafuta ya ambulensi, hutoka kaunti. Na pesa za kaunti hugawanywa kwa kanuni ambayo Seneti huipitisha. Mwaka ule maseneta walishindwa kuelewana. Wengine walitaka idadi ya watu ipewe uzito zaidi, wengine wakasema kaunti zenye ardhi kubwa na watu wachache zitapoteza. Walikutana tena na tena. Mwaka wa pesa ulianza tarehe 1 Julai, Julai ikaisha, Agosti ikaisha, hakuna kitu. Maseneta watatu walikamatwa na polisi mwezi wa Agosti, kelele zikazidi. Mwishowe Baraza la Magavana likatangaza kwamba kuanzia tarehe 17 Septemba kaunti zitafunga kazi, na hospitali zisilaze wagonjwa wapya. Hayo yote katikati ya ugonjwa wa korona!

Na mnajua nini kilitokea? Siku hiyo hiyo ya tarehe 17 Septemba maseneta wakaelewana. Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ameahidi nyongeza ya bilioni 50 ili kaunti yoyote isipoteze, na kanuni mpya ikangojea mwaka uliofuata. Kwa hivyo waliweza kuelewana tangu mwanzo. Ila kila upande ulikuwa unangoja mwingine achoke, na kamba waliyokuwa wakiivuta ilikuwa ni mgonjwa.

Msidhani ni Kenya peke yake. Mwaka 2025, Marekani, nchi tajiri vile, serikali yake kuu ilifungwa siku 43, kutoka tarehe 1 Oktoba mpaka 12 Novemba. Mpaka wakati huo hakukuwa na kufungwa kwa serikali kulikowahi kuwa kurefu hivyo katika historia yao. Sababu kubwa ilikuwa bima ya afya. Kuanzia 2021 serikali yao ilikuwa imeongeza msaada kwa watu wanaojinunulia bima wenyewe, na msaada huo ulikuwa uishe mwisho wa 2025. Watu zaidi ya milioni 20 walikuwa wakiutegemea. Chama cha Democratic kilikataa kupitisha matumizi ya serikali mpaka msaada uongezwe muda. Chama cha Republican kikasema fungueni serikali kwanza, mengine tutazungumza baadaye. Watumishi wengi wa serikali walikaa bila mshahara. Mwishowe maseneta wachache wa upinzani walikubali serikali ifunguliwe, na badala yake wakaahidiwa kwamba kutakuwa na kura mwezi wa Desemba. Kura ikapigwa kweli tarehe 11 Desemba. Ilihitaji kura 60, ikapata 51. Mwaka ukaisha, na msaada ukaisha nao.

Hapo tushike neno moja, tafadhali. Waliahidiwa kura, hawakuahidiwa pesa. Ahadi ni deni, ndiyo, lakini deni lisiloandikwa popote utalidai kwa nani?

Sasa turudi kwetu. Sheria ya bima ya afya ya jamii ilitiwa sahihi Oktoba 2023. Mahakama Kuu iliikataa Julai 2024, Mahakama ya Rufaa ikaruhusu kazi iendelee, na tarehe 1 Oktoba 2024 ile NHIF iliyokuwapo tangu 1966 ikaiachia SHA nafasi yake. Wenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Sisi wa shamba na soko huulizwa maswali ya kupima uwezo, halafu tunaambiwa kiasi chetu. Hakipungui shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kilipwe cha mwaka mzima kwa mara moja, yaani si chini ya 3,600. Kwa maskini kabisa, sheria inasema serikali italipa. Oktoba 2025 serikali ilitangaza mpango wa kuwalipia watu milioni 2.2 wa namna hiyo.

Ni jambo jema, na tunashukuru. Lakini tujiulize kama watu wazima. Majina yanaandikwaje? Mkulima wa miraa wa Igembe alijenga nyumba ya mawe miaka ile soko lilikuwa zuri. Halafu Uingereza ikafunga mlango 2014, na Somalia ikafunga 2020 mpaka 2022. Maswali yakitazama nyumba, yataona mawe. Mfuko mtupu hayatauona. Na mjane wa Mbeere asiye na simu, nani atamjazia hayo maswali? Tena, pesa za kuwalipia hao milioni 2.2 ni lazima ziwekwe katika bajeti kila mwaka, na kila mwaka zitashindana na mengine. Mwaka wakubwa wakivutana, hizo zinaweza kuwa kamba.

Hata kaunti tumeona mvutano. Bunge la Kaunti ya Meru lilipiga kura kumwondoa gavana 2022, 2023 na 2024. Embu nao walipitia hayo 2014. Sisi hatusemi nani alikuwa na haki. Tunasema tu kwamba siku ya mvutano, anayesikika ni yule aliyekuja mapema na ombi lake limeandikwa.

Sasa wale wanachama kumi na mmoja tuwajibu nini? Tuliketi tukapiga hesabu. Kikundi cha watu 25, kila mmoja akiweka 300 kwa mwezi, kwa mwaka ni shilingi 90,000. Ni pesa nyingi, sivyo? Lakini mmoja wetu figo zikiharibika, kusafisha damu mara moja, kwa bei ya SHA, ni shilingi 10,650, na kwa kawaida ni mara mbili kwa wiki. Hizo 90,000 hazifiki mwisho wa wiki ya tano. Kikundi kimekwisha, na mgonjwa bado yupo. Kwa hivyo hasira yao ni ya haki, lakini dawa yake si kutoka kwenye bima. Dawa ni kulipa na kudai.

Tunawaomba mfanye mambo matatu.

La kwanza, fungueni mfuko mdogo wa bima ndani ya kikundi, mbali na mchango wa mzunguko. Wa chai waweke wakati wa bonasi, wa kahawa wakilipwa na chama cha ushirika, wa miraa na muguka kidogo kidogo kila wiki. Siku ya kulipa ya mwaka ikifika, hakuna atakayekopa.

La pili, kila kikundi kiandike orodha ya wasiojiweza kijijini mwake, hata wasio wanachama: wajane, wazee, walemavu. Saidieni kuwasajili. Kisha mpelekeeni chifu nakala, na mhudumu wa afya wa kijiji nakala, na nyingine ikae kwa katibu. Anayeachwa nje, muulizie kwa jina.

La tatu, nendeni kwenye mikutano ya bajeti. Kaunti hupeleka mpango wa matumizi kwa bunge lake kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio yenyewe kufikia tarehe 30 Aprili. Katiba inasema mwananchi ashirikishwe. Msiende kupiga makofi! Nendeni na maswali mawili yaliyoandikwa: Dispensari yetu imetengewa shilingi ngapi? Na hospitali yetu inadai bima kiasi gani? Mkijibiwa, andikeni jibu na tarehe. Mwaka ukifuata, lisomeni mbele yao.

Wahenga walisema mwomba chumvi huombea chungu chake. Wakubwa wanapovutana, kila mmoja anaombea chungu chake. Chungu cha yule mama aliyeuziwa mbuzi, tusipokiombea sisi, hakina mwombaji.

Yule mama amepona, na mwaka huu amelipa tena. Kati ya wale kumi na mmoja, saba wamerudi. Wanne bado wanafikiri, na hatuwalaumu. Tutarudi kuketi nao.