Kuhamishwa Nchi Kame: Hasara na Faida Zake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Morogoro)



Tumetakiwa tuseme machache juu ya jambo linalowatia hofu watumishi wengi wa Serikali katika mji huu, nalo ni barua ya uhamisho wa kwenda Ugogo. Tumekubali kwa sababu mbili. Kwanza, sisi wenyewe tulikaa huko miaka minne. Pili, mmoja wetu aliyepo hapa leo anayo barua hiyo mfukoni, naye amekwisha andika majibu ya kukataa, ila hajayapeleka. Hatutamtaja jina. Twamwomba tu asikilize kwanza.

Tangu mwaka 1973 ilipoamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yawe Dodoma, na zaidi tangu mwaka 2016 ilipotangazwa kwamba Serikali yote ihamie huko, barua hizo zimekuwa nyingi. Mtu wa Morogoro aipokeapo huona kama amehukumiwa, wala si ajabu. Sisi twakaa chini ya Milima ya Uluguru, ambayo upande wake wa mashariki hupata mvua ipitayo milimita 2,000 kwa mwaka. Mto Ruvu watoka humo ukaunywesha mji wa Dar es Salaam. Mgeta hutuletea mboga, na Matombo ndizi na matunda. Dodoma hupata mvua kiasi cha milimita 570 tu, tena kwa msimu mmoja, tangu Desemba hata Aprili. Miezi inayobaki mbingu hufungwa. Si jangwa la mchanga kama yale ya Arabuni, lakini mtu atokaye Bigwa, akiisha kuipita Gairo na kuona mibuyu imesimama peke yake katika vumbi, ataliita jangwa.

Haifai tuzifiche hasara. Ya kwanza ni maji. Juma letu la kwanza tulikaribishwa chakula nyumbani kwa bibi mmoja mzee kijijini. Tukaletewa maji ya kunawa, nasi tukanawa kwa desturi ya kwetu, tukayamwaga mengi chini. Bibi akatutazama, asiseme neno. Baadaye kijana wake akatueleza kwa upole kwamba maji yale aliyafuata mama yake tangu alfajiri, akarudi jua limekwisha panda. Tuliona haya nyingi. Tangu siku ile hatujamwaga maji bila kufikiri, hata hapa Morogoro.

Tena maji yakiwa haba, maradhi hufuata. Ugonjwa wa macho uitwao trakoma umewasumbua watu wa Kongwa na Dodoma miaka mingi, na mojawapo ya kinga zake ni kumnawisha mtoto uso. Ni jambo dogo kwetu, lakini ni kubwa kwa mama anayepima maji kwa kata.

Hasara ya pili ni njaa. Wagogo wana jina la njaa iliyowapata baina ya mwaka 1917 na 1920: waliiita Mtunya. Mvua ilikosekana, lakini si mvua peke yake. Wakati wa vita majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalitwaa ng'ombe na nafaka, na watu wakachukuliwa kuwa wapagazi. Nchi kame haina cha ziada; mtu akiiondoa akiba yake, ameondoa uhai wenyewe.

Kadhalika nchi hiyo haimstahi asiyetaka kujifunza. Mwaka 1947 Waingereza walianza shamba kubwa la karanga huko Kongwa. Fedha walikuwa nazo. Lakini udongo ulipokauka ukawa mgumu mno, na mvua haikutosha. Mwaka 1951 kazi ikaachwa, na mamilioni ya paundi yamekwisha potea. Wenyeji wakaendelea na uwele na mtama, nafaka zinazovumilia jua.

Sasa tuseme faida. Hewa ni kavu, na usiku ni baridi yenye kuburudisha. Wakati wa kiangazi mbu ni wachache kuliko hapa kwetu. Ng'ombe wapo, na zabibu zastawi. Mboga za majani hukaushwa zikaliwa mwezi ambao mtu wa mlimani asingedhani kuna mboga. Huko tulijifunza kuweka akiba, somo ambalo mshahara wetu haukupata kutufundisha. Wenyeji ni wakarimu: jioni moja ya ngoma za muheme, zinazopigwa na akina mama, ilitutoa upweke wa miezi mingi. Tena karani akaaye mbali huona matunda ya kazi yake. Hapa barua tunayoiandika huingia katika jalada, tusiione tena; kule tuliandika barua ya kuomba kisima kitengenezwe, na siku maji yalipotoka tulikuwapo.

Iko hasara moja tuliyojiletea wenyewe, nayo ndiyo twataka ndugu yetu aisikie hasa. Mwajua kwamba kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, nayo hushikwa na ukoo, yaani lukolo. Mwanamke aliye na shamba mlimani hana shamba tu. Ana mahali pake katika ukoo. Sisi tulipopata barua tulimwambia mke wetu afunge mizigo, wala hatukwenda kwa mjomba wake kushauriana. Shamba likakaa msimu mzima bila kulimwa, ukoo ukampa mtu mwingine alitumie. Ilituchukua miaka miwili ya maneno na safari kulirudisha. Ugogo haukutudhuru katika jambo hilo. Ni haraka yetu.

Basi, ndugu yetu, hatukuambii nenda wala usiende. Twakuambia hivi: hayo majibu yasiandikwe na hofu. Nenda kwanza mlimani ukae na mkeo na mjomba wake, mjue nani atalima. Huenda yeye akabaki msimu wa kilimo, akaja kwako kiangazi. Reli ya umeme iliyofunguliwa hata Dodoma mwaka 2024 imeufanya mwendo kuwa mfupi. Ukiisha fika, mwulize mwenyeji habari za maji kabla ya habari za nyumba. Nunua nafaka wakati wa mavuno, usingoje bei ipande.

Na ukiona baada ya hayo kwamba huwezi kwenda, kataa. Lakini ukatae kwa kuwa umepima, si kwa kuwa umesikia.

Tumekwisha.