Mashine ya Kurusha Mipira: Jibu kwa Ombi la Timu ya Vijana

Maneno ya mfanyakazi wetu wa huduma mbele ya viongozi wa mitaa, wazazi na makocha, katika kikao kilichofanyika karibu na Kalemie



Mwezi uliopita kamati ya timu ya vijana ilituletea barua ya kuomba mashine ya kurusha mipira. Kocha ameiona katika video ya simu, na vijana wamekuwa wakiizungumzia mpaka kisimani. Najua sisi watu wa mashirika tuna desturi ya kujibu "tutaona", halafu mwaka unapita. Leo nimekuja kuwapa jibu lenyewe, pamoja na sababu zake.

Kwanza nieleze kitu chenyewe, maana wazee kadhaa wameniuliza kama ni bunduki. Hapana. Ni magurudumu mawili yanayozungushwa na umeme, kila moja likielekea upande wake. Mpira unaingizwa katikati, unabanwa, unatupwa mbele. Magurudumu yakienda kwa mwendo mmoja, mpira unaruka bila kujizungusha. Moja likizidi mwendo, mpira unajizungusha na kupinda angani, kama ule wa kona.

Huko Dortmund, Ujerumani, timu ya Borussia iliweka mwaka 2012 kizimba cha mraba chenye mita 14 kila upande. Ndani yake kuna mashine 8 zinazorusha, na madirisha 64 kuzunguka kuta. Mchezaji anasimama katikati, mpira unamjia asikojua, taa inawaka kwenye dirisha moja, naye anatakiwa kuutuliza na kuupiga palepale. Faida yake ni ya kweli. Mashine haichoki, inaweza kumrushia golikipa mashuti hamsini ya namna moja, na mguu hujifunza kwa kurudia. Kocha hakukosea kuitamani.

Lakini barua ile sikuipeleka mbele. Inataka umeme, maana yake jenereta na esansi, na sisi tunajua bei ya esansi hapa. Inataka pia mipira iliyo sawa. Mpira wa sheria una mzunguko wa sentimita 68 mpaka 70 na uzito wa gramu 410 mpaka 450. Yetu mmoja umeshonwa mara mbili, mwingine unavuja hewa kabla ya mapumziko. Kila mmoja ungetoka kwa namna yake, na mwingine ungekwama ndani. Na mtoto atakayeingiza kidole kati ya magurudumu yale, zahanati iko mbali.

Kuna jambo la vichwa pia, na hili wazazi walisikie vizuri. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stirling, Uskoti, walitumia mashine kama hii kurusha mipira kwa nguvu ya kona, wachezaji wakaipiga kwa kichwa mara 20. Baadaye walipimwa kumbukumbu, na alama zao zilishuka kati ya asilimia 41 na 67, zikarudi ndani ya saa 24. Marekani tangu mwaka 2015 watoto wa miaka 10 na chini wamekatazwa kupiga mpira kwa kichwa, na Uingereza mwaka 2020 ikaondoa mazoezi hayo kwa watoto wa shule ya msingi. Kwa hiyo hata kwa mpira wa kurushwa na mkono, kocha, wale wadogo wafanyie miguu tu.

Hayo yote tungeweza kuyatafutia dawa. Lililonizuia zaidi ni hili: mashine italala nyumbani kwa nani?

Nilipoanza kazi hii, shirika moja nililolitumikia lilileta mashine ya kusaga muhogo katika kijiji ambacho Watwa na Waluba walikuwa wamerudi baada ya vita vilivyozuka upya mwaka 2016. Mimi ndiye niliyeandika kwenye karatasi kwamba itawekwa kwa mzee fulani, kwa sababu nyumba yake ilikuwa na bati na mlango wenye kufuli. Sikuuliza bati lile lilitoka wapi. Watu wa upande wa pili walijua: walisema lilitoka kwenye nyumba zao zilizochomwa. Wanawake wao wakawa wanabeba muhogo mpaka kijiji kingine kuliko kuingia katika ua ule, na watoto wakaanza kupigana mawe njiani. Mashine iliondolewa kabla ya mwaka kwisha. Sahihi yangu bado iko kwenye ile karatasi. Tangu siku hiyo, kila kitu chenye ufunguo mmoja kinanitia wasiwasi.

Sasa turudi kwenye kiwanja chetu. Jumapili iliyopita nilikaa na mama mmoja kando ya mstari. Mtoto wake anacheza upande wa kushoto. Kipindi kizima cha kwanza alisimama peke yake, wazi, akiinua mkono, na mpira haukumfikia. Mama akaniambia, "Mwanangu umemwona? Wamempa jezi, hawampi mpira." Sikuwa na la kumjibu. Timu tunaiita ya mchanganyiko, na katika ripoti zetu tumeiandika hivyo. Baada ya mchezo niliwauliza vijana majina ya wenzao. Wamevaa rangi moja karibu mwaka mzima, na wengine walionyesha kwa kidole tu: yule, na yule.

Mashine ingempa yule mtoto mipira mingi. Ingemrushia bila kumbagua. Ila siku ya mchezo angerudi kusimama peke yake, kwa sababu wenzake wasingekuwa wamejifunza kumpa.

Ndiyo sababu ninaleta zoezi hili, na kocha amekubali tulijaribu. Kazi ya mashine tutaifanya kwa mikono. Golikipa anasimama golini, warushaji sita wanakaa nusu duara kwa umbali wa mita kumi hivi, watatu wa upande huu na watatu wa upande ule. Wanarusha mmoja mmoja, bila mpango, chini, juu, pembeni. Kabla ya kudaka, golikipa anaita jina la mrushaji. Asipoita, mpira hauhesabiwi hata akiudaka kama Kidiaba. Kwa wachezaji wa ndani ni vilevile: mpira unatoka kwa wa upande mwingine, unatulizwa, unarudishwa kwa jina. Wakichoka wanabadilishana, na hapo ndipo tunaishinda ile mashine, kwa sababu anayerusha naye anajifunza kulenga.

Nakumbusha kwamba Mazembe ya Lubumbashi ilifika fainali ya klabu za dunia mwaka 2010, timu ya kwanza ya Afrika, kabla ya kizimba cha Dortmund kuwekwa.

Tunaomba wazazi nanyi mje kurusha. Baba wawili wa kila upande watatosha kwa kuanzia, na mama wasiachwe nje.

Shirika litatoa mipira sita mipya, iliyo sawa, na pampu moja. Kuhusu utunzaji, mama wa kamati alitoa wazo ambalo mimi na masomo yangu sikulifikiria: pampu ikae kwa familia ya upande mmoja, sindano yake ikae kwa familia ya upande wa pili. Mipira ikilegea, itabidi waonane. Shefu amekubali kuandika majina ya familia hizo mbele yetu sote leo, na yatabadilishwa kila miezi mitatu.

Tunaanza Alhamisi saa tisa, mvua ikinyesha Ijumaa. Sasa ni nafasi ya maswali. Kocha, nimeona mkono wako umeinuka tangu nilipotaja esansi.